Picha Chache, Wimbo Mrefu: Namna ya Kuokoa Video ya Darasa

Miongoni mwa zana ambazo wanachuo hupenda kuzitengeneza siku hizi wakati wa mazoezi ya kufundisha ni video ya wimbo wa darasa. Sababu zake ni dhahiri. Simu iko mfukoni, watoto wa kuimba wapo, na zana ikishakamilika huweza kuonyeshwa mara nyingi bila ya gharama mpya. Hata hivyo, katika kuzipokea kazi hizo chuoni tumeona kwamba nyingi haziishii popote. Mwanachuo hurudi na sauti ya wimbo mzima lakini ana picha za nusu yake, au robo yake. Hujaribu kuziunga siku mbili tatu, huona pengo haliziniki, kisha huandika andalio jingine la somo na kuiacha kazi ile ilale ndani ya simu.

Katika makala hii tunakusudia kueleza jinsi kazi ya namna hiyo inavyoweza kuokolewa bila ya fedha na bila ya kuanza upya. Tutatumia mfano mmoja uliotupata sisi wenyewe, wakufunzi wawili pamoja na wanachuo sita, katika shule moja ya msingi ya kijijini, darasa la tatu lenye watoto 68.

Jinsi tulivyopungukiwa

Wimbo ulitungwa na watoto wakisaidiwa na mwalimu wao wa darasa. Ulieleza safari ya maji tangu chemchemi mpaka chunguni. Ulikuwa na beti nne, kila ubeti ukichukua sekunde 25. Kiitikio cha sekunde 12 kilichoimbwa mara nne. Na mwanzo wa ngoma tupu wa sekunde 12. Jumla yake ni sekunde 160, yaani dakika 2 na sekunde 40. Sauti tuliirekodi kwanza, darasani, madirisha yamefungwa, nayo ikatoka safi. Baadaye tulitoka uwanjani kupiga picha, watoto wakiimba kwa kuifuata sauti ile ile iliyotoka katika spika ndogo. Huu ndio utaratibu ufaao, maana sauti moja huweza kubeba picha za siku na mahali mbalimbali.

Tulikuwa na saa mbili tu. Karibu nusu yake iliishia katika kupanga mistari. Halafu mvua ikanyesha, tukakimbilia barazani. Ilipokatika, nafasi ndani ya simu ikakaribia kujaa. Lakini yote hayo yalikuwa madogo yakilinganishwa na kosa letu sisi wakufunzi, wala wanachuo hawakuhusika nalo. Kila tulipokatizwa tuliamuru wimbo uanze tena tangu mwanzo. Matokeo yake ubeti wa kwanza ulipigwa picha mara tano, kiitikio chake mara mbili, na beti tatu zilizobaki hatukuzifikia kabisa. Mwalimu ambaye huanza kitabu cha historia kila Januari kwa uchangamfu, kisha Novemba ikamkuta katika sura ya nne, atalitambua kosa hili mara moja.

Jioni tulipozitazama picha zote tulikuta dakika 9. Zilizofaa zilikuwa sekunde 47: ubeti wa kwanza sekunde 25, kiitikio sekunde 12, na vipande vidogo vidogo vya sekunde 10.

Hesabu ya pili ndiyo iliyotuuma. Tulihesabu nyuso. Kati ya watoto 68, waliotambulika walikuwa 21. Hao walikuwa waliosimama mbele, wenye sare nzuri na sauti kubwa. Hatukuwachagua kwa makusudi, lakini jicho la mshika simu huvutwa na kinachong'aa, kama vile jicho la mwalimu linavyovutwa na mkono ulionyooshwa kwanza. Nasi tulikwisha waahidi watoto wote kwamba siku ya wazazi, siku 9 baadaye, watajiona. Msichana mmoja alitufuata hadi langoni akauliza ataonekana mahali gani katika wimbo. Tulimjibu kwa haraka kwamba asiwe na wasiwasi. Katika zile dakika 9 hakuwamo hata mara moja.

Kupima pengo kwa karatasi

Mwanachuo akikuta picha zimepungua, huwa na haraka ya kufungua programu ya kuhariri na kuanza kusogeza vipande huku na huku. Tunamshauri afunge kompyuta kwanza. Sisi tuliunga karatasi mbili za manila, tukachora mstari wa sentimita 160, kila sentimita ikisimama badala ya sekunde moja. Juu ya mstari tuliandika mwanzo wa kila ubeti na kila kiitikio. Chini yake tulibandika vipande vya karatasi vilivyokatwa kwa urefu wa picha tulizokuwa nazo. Pengo likaonekana wazi: sentimita 113 zilikuwa tupu.

Faida ya karatasi ni kwamba huonyesha kuwa pengo halina sura moja. Mahali pengine wimbo hudai mtazamaji aone midomo ikiimba. Mahali pengine haudai. Viitikio vitatu vilivyokosa picha ni sekunde 36, na maneno yake ni yale yale ya kiitikio cha kwanza. Kwa hiyo kipande kimoja chaweza kutumika mara nne. Sikio limekubali kurudiwa, na jicho nalo hukubali, ila huchoka upesi zaidi kuliko sikio. Tulitafuta basi njia ya kukirudia kipande kile bila ya kukionyesha vilevile.

Hapa tulisaidiwa na jambo la kiufundi ambalo kila mwanachuo yampasa alijue. Picha ile ilipigwa kwa kipimo cha nukta 3840 kwa 2160, na video yetu ilikuwa ya nukta 1920 kwa 1080. Maana yake ni kwamba robo ya picha ingeweza kukuzwa ijaze kioo kizima bila ya kufifia. Katika kiitikio cha pili tulikuza upande wa kushoto, katika cha tatu upande wa kulia, na cha nne tukakionyesha kizima kama cha kwanza. Watoto waliokuwa pembeni, ambao nyuso zao zilikuwa kama punje za mtama, wakawa wakubwa wa kutambulika. Tulihesabu tena: wapya 9. Sasa walikuwa 30.

Mwanachuo mmoja alipendekeza kiitikio cha tatu kigeuzwe kama katika kioo, kushoto kuwe kulia. Ni hila inayotumiwa sana na waunga picha. Tulipoijaribu, jina la shule ukutani likasomeka kinyumenyume. Katika chumba cha starehe pengine hakuna ambaye angejali. Katika darasa la watoto wanaojifunza kusoma, na ambao baadhi yao bado huchanganya b na d, hatukuona sababu ya kuwaongezea taabu.

Mwanzo wa ngoma ulihitaji sekunde 12. Mwanachuo mwingine alipokuwa barazani akingoja mvua, alikuwa amepiga picha matone yakidondoka kutoka ukingo wa bati, kwa sekunde 6, kwa kujifurahisha tu. Wimbo wa maji ukafunguliwa na mvua iliyotuharibia kazi. Tulipunguza mwendo wake kwa nusu, zikapatikana sekunde 12 kamili. Iangaliwe lakini kwamba mwendo hauwezi kupunguzwa ovyo. Simu nyingi hupiga picha 30 kwa kila sekunde. Ukipunguza kwa nusu unabaki na 15, na picha huanza kurukaruka. Kwa bahati simu ya mwanachuo yule ilikuwa imewekwa katika 60. Tena, kisipunguzwe kamwe kipande chenye mtu anayeimba, kwa sababu midomo itachelewa na sauti itatangulia. Maji, miguu, majani, moshi wa jikoni, hivi havina midomo.

Sekunde 4 zilizosalia za vipande vidogo tuliziweka katika ubeti wa pili. Hivyo beti tatu za mwisho, zenye sekunde 75, zilibaki na pengo la sekunde 71.

Waliotutangulia katika uhaba

Si sisi wa kwanza kupungukiwa. Baada ya mapinduzi ya Urusi ya mwaka 1917, mikanda ya filamu ilikuwa adimu mno. Lev Kuleshov, mwalimu kijana katika chuo cha filamu kilichoanzishwa Moscow mwaka 1919, aliwafundisha wanafunzi wake kuigiza filamu nzima jukwaani bila ya mkanda wowote, na kuunga upya vipande vya filamu za zamani. Jaribio lake mashuhuri ni la uso wa mwigizaji mmoja usiobadilika. Ulipounganishwa na picha ya bakuli la mchuzi, watazamaji walimwona ana njaa. Ulipounganishwa na jeneza, walimwona ana huzuni. Uso ulikuwa ule ule. Maana ilizaliwa katikati ya picha mbili.

Sekunde zetu 4 zilikuwa za mvulana aliyegeuka kumtazama mbuzi aliyepita nyuma yetu. Tulipomtoa mbuzi na kuweka mchoro wa mtungi mtupu, kila aliyeona alisema mvulana yule anasikitikia maji. Hila hii ina nguvu, na kwa hiyo ina hatari. Ubeti wa tatu ulitaja maji machafu na magonjwa. Mwanachuo mmoja alitaka kuweka hapo uso wa mtoto mwenye sare iliyochanika. Tulikataa. Kijiji kizima kingeusoma uso ule kuwa ushahidi juu ya nyumba ya mtoto yule, naye asingekuwa na namna ya kujitetea.

Yapo pia mafunzo katika picha za mnato. Mwaka 1957 Colin Low na Wolf Koenig wa Kanada walitengeneza filamu iitwayo City of Gold juu ya mji wa Dawson, na sehemu yake kubwa ni picha za zamani ambazo kamera huzipitia taratibu, kana kwamba mtazamaji anatembea ndani yake. Mwaka 1962 Chris Marker wa Ufaransa alitengeneza La Jetée, filamu ya dakika 28 ambayo karibu yote ni picha za mnato. Kuna mahali pamoja tu ambapo picha inatembea kidogo, na hapo mwanamke anafumbua macho.

Lakini mfano uliotufaa kupita yote ni wa mwaka 1965. Katika kichochoro kilichoko nyuma ya hoteli ya Savoy mjini London, D. A. Pennebaker alimpiga picha mwimbaji wa Marekani Bob Dylan, amesimama na rundo la kadi zilizoandikwa maneno ya wimbo wake. Wimbo unachezwa, naye anaangusha kadi moja moja. Haimbi, wala kamera haihami. Kipande hicho kimoja ndicho video nzima, na baadaye kikawa mwanzo wa filamu ya mwaka 1967. Tulipowaonyesha wanachuo, mmoja alisema, "Mbona hizi ni kadi zetu za maneno?" Hakika ni zenyewe, zile zile tunazozikata kwa makasi kila muhula kwa ajili ya somo la kusoma.

Siku ya kadi

Mwalimu mkuu alikubali mwanachuo mmoja, ambaye kwao ni kijiji cha jirani, arudi shuleni kwa kipindi kimoja cha Kiswahili na mapumziko yanayofuata. Watoto 38 walikuwa hawajaonekana. Tuligawa sekunde zetu 71 hivi: watoto 24 washike kadi, kila mmoja sekunde 1 na nusu, jumla sekunde 36, watoto 14 wachore, kila mchoro sekunde 2 na nusu, jumla sekunde 35. Mtu mzima husoma neno fupi kwa muda usiofika sekunde moja, lakini msomaji wetu alikuwa mtoto wa darasa la tatu, na ikampasa apewe nafasi.

Tulimsisitizia mwanachuo jambo moja: kadi na michoro itengenezwe na darasa zima. Kama angewaita wale 38 peke yao, angekuwa amewatangazia kuwa hao ndio waliosahauliwa. Basi watoto 68 waliandika na kuchora, na simu ikawapitia wale 38 bila ya maelezo. Mchoro ulishikwa kifuani. Picha ikaanza kwenye mchoro na kupanda taratibu mpaka usoni. Wazazi wawili hawakupenda nyuso za watoto wao zionekane. Watoto hao walishika kadi mbele ya uso, vidole tu vikionekana pembeni, na kwa kweli hizo ni kati ya picha nzuri kuliko zote.

Kuhusu kipindi chenyewe, mwanachuo alituandikia kwamba hakuwahi kuona kuandika kwa uangalifu namna ile. Watoto waliuliza tahajia wao wenyewe. Neno moja kwa kila mtoto, kwa herufi kubwa, ukijua kwamba baba na mama watalisoma ukutani: hakuna mwandiko wa ubaoni unaoweza kushindana na haja hiyo.

Hata hivyo kadi moja ilikuja na kosa. Ubeti wa pili hutaja mifugo inayokunywa, na mvulana mmoja aliandika "ngombe". Wanachuo waligawanyika. Baadhi walitaka kadi iondolewe, kwa kuwa zana ya kufundishia haiwezi kufundisha kosa; wengine walisema tukiiondoa kadi tunamwondoa na mtoto, na ahadi ilikuwa kwa wote. Mjadala ulichukua karibu saa nzima, nao ulitufaa kuliko mihadhara yetu kadhaa. Mwishowe tulimwomba mwalimu wa darasa amwonyeshe mvulana kadi yake na kumwuliza kama alivyoandika ndivyo anavyotamka. Alilitamka mara mbili, akacheka, akaongeza ritifaa kwa mkaa. Mwalimu alimpiga picha ya mnato palepale, ameshika kadi vilevile, akatutumia. Tukaweka picha mbili zikifuatana: ya kwanza bila ya ritifaa, kwa nusu sekunde, ya pili ikiwa nayo, kwa sekunde moja. Alama ile ikawa kama inaruka na kutua mahali pake.

Siku ya wazazi video ilionyeshwa katika darasa lililotiwa giza kwa makanga madirishani, juu ya shuka jeupe. Ilidaiwa irudiwe, ikarudiwa mara tatu. Ritifaa ilipotua, darasa zima lilipiga kelele, na mara ya tatu walikuwa wameanza kuhesabu kabla haijafika. Yule msichana wa langoni alikuwa na mchoro wa chungu jikoni, wa mwisho katika ubeti wa nne. Hakupiga kelele. Aliinama sikioni mwa bibi yake aliyekuwa ameketi naye, akamwonyesha kwa kidole.

Kazi haikuwa kamilifu. Mpito kutoka ubeti wa kwanza, wenye watoto wanaotembea na kuimba, kuingia ubeti wa pili, wenye kadi zilizotulia, bado unagonga. Tungaliweka kadi mbili tatu katika ubeti wa kwanza pia, mtazamaji angalizizoea mapema. Wakati huo tulikuwa tunaogopa kuugusa ubeti pekee uliokuwa mzima. Juma lililofuata mwalimu wa darasa alizitumia kadi zile 68 kufundisha kupanga maneno katika sentensi, na mpaka tunapoandika zimo katika kabati lake, zimefungwa kwa uzi.

Zoezi

Wimbo wa darasa la pili una sekunde 120: mwanzo wa sekunde 10, beti tatu za sekunde 24, na kiitikio kinachoimbwa mara mbili, kila mara sekunde 19. Unazo picha nzuri za ubeti wa kwanza wote, sekunde 8 za kiitikio, na sekunde 5 za mikono inayopiga makofi, zilizopigwa kwa picha 30 kwa sekunde. Watoto ni 52, walioonekana ni 17. Huwezi kurudi shuleni, lakini mwalimu wa darasa yuko tayari kukutumia picha za mnato. Chora mstari wa wimbo kwa kipimo cha sentimita moja kwa sekunde, onyesha utakachoweka katika kila pengo, na uandike barua utakayompelekea mwalimu huyo. Eleza pia sababu moja ya kutopunguza mwendo wa ile mikono.